Buibui wa Bi Gesine

Pale mjini Ostermoor mtu hakuulizwa anasali wapi wala babake nani, aliangaliwa mapazia. Na kwa mapazia, Gesine Harms hakuwa na mpinzani. Alikuwa mtunza nyumba wa Profesa Lüders, mtaalamu wa nyota, na tangu aingie katika nyumba ile yenye kuba juu ya paa alikuwa amelipiga vita vumbi kana kwamba liliwahi kumuulia ndugu. Ngazi aliisugua mpaka wageni wakaona haya kuikanyaga.

Pembe moja tu ilimshinda. Katika dirisha la chumba cha barua aliishi buibui, na Profesa alikataza katakata asiguswe. Uzi wake ndio Profesa aliounyoosha ndani ya darubini ili apimie nyota inapopita, na si hariri wala waya uliofua dafu mbele ya uzi ule. Gesine alikubali kwa shingo upande. Kila Pasaka alisafisha chumba kizima, akafika kwenye pembe ile, akameza mate, akapita. Kisha alishusha pazia, asije mpita njia akaona.

Mambo yangeishia hapo kama Profesa asingekuwa mtu wa barua. Wataalamu wa nyota wa zama hizo waliandikiana kuliko wachumba. Mmoja akiona nyota yenye mkia, wenzake wote waliandikiwa. Akipata mafua, nayo yaliandikwa. Kila asubuhi Gesine alipokea fungu la barua, na mchana akapeleka posta fungu jingine, nene zaidi. Ndani ya baadhi yake Profesa alitia uzi wa buibui uliozungushwa kwenye kadi, kuwagawia wenzake.

Siku hizo Gesine naye alikuwa na lake moyoni. Detlef Brammer, mwoka mikate aliyefiwa na mke, alikuwa ameanza kumchagulia mkate wenye ganda zuri na kumuuliza habari za magoti yake. Gesine alimpenda. Hakuwa anatafuta paa wala wa kumlisha. Alimpenda yule mtu mnene, mpole, basi. Ila alijua kwamba nusu ya posa imo mkononi mwa dada mtu, Wiebke, aliyeishi naye na kumchagulia hata soksi. Wiebke alikuwa na mtindo wa kutembelea nyumba za watu amevaa glavu nyeupe. Alipitisha kidole juu ya kabati, akakitazama, akaaga. Jumapili baada ya Pasaka ilikuwa zamu ya Gesine, na mji mzima ulijua kidole kile kinakuja kutafuta nini.

Ijumaa iliyotangulia Jumapili hiyo gazeti la mji, kwa fahari kubwa, likachapa shukrani za Profesa Wallmark wa Uswidi. Alimshukuru mwenzake Lüders kwa nyuzi alizomtumia, na zaidi Bi Gesine Harms, ambaye nyumba yake hutoa tando bora za buibui kuliko nyumba yoyote ya Ulaya.

Profesa alimsomea kwa sauti ya mimbarini, uso umemkunjuka. Gesine alitafuta pa kukaa, akakalia ndoo.

Alipokwenda kununua mkate, duka zima liligeuka kumtazama. Wiebke alikuwa kwenye meza ya kuuzia.

"Hongera, shoga," alisema. "Sisi wenzako tando hazijatufikisha hata mtaa wa pili. Wewe zimekupeleka Uswidi."

Wanawake walicheka. Brammer, kule kwenye tanuri, aliangalia viatu vyake. Wiebke akamfungia Gesine mkate ulioungua, na kuhusu Jumapili akasema hatakuja, glavu zake ziko kwenye maji.

Gesine alirudi akauweka mkate ule juu ya barua za Profesa.

"Profesa, umenivua nguo sokoni."

"Lakini ni sifa, Bi Gesine."

"Sifa yako. Mimi sina nyota, nina sakafu tu, na hiyo umeniharibia. Ama huyo Mswidi ajirudi, ama buibui anatoka, na mimi namfuata nyuma."

Profesa aliingiwa na hofu ya kweli, maana hakujua hata kahawa inakaa wapi. Akawaandikia wenzake wote. Nao, badala ya kuomba radhi kama watu, waliligeuza kuwa suala la elimu. Mmoja alitaka kujua dirisha linaelekea wapi. Wa pili alidai buibui hupenda uchafu, wa tatu akamjibu kwamba basi nyumba ya mke wa huyo msemaji ina buibui wengi, na hao wawili hawakuandikiana tena. Mwishowe Wallmark alizipitisha nyuzi zake kwenye kioo cha kukuzia, akaandika jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyefikiria kulisema: uzi wenye vumbi haufai, kwa kuwa ndani ya darubini chembe moja huonekana kama jiwe. Nyuzi za nyumba nyingine alikuwa akizitupa. Za Bi Gesine hazikuwa na chembe. Gazeti likachapa kwamba imethibitika kitaalamu: nyumba safi kuliko ile haijaonekana.

Ostermoor ikageuka. Wanawake waliokuwa wakiwakimbiza buibui sasa waliwabembeleza, na kila dirisha la mbele likawa na buibui wake, pazia limevutwa kando. Wa Wiebke ndiye aliyekuwa mkubwa. Alimwalika Gesine kahawa, maneno matamu, akampitisha mbele ya dirisha mara mbili.

Gesine alitoa mfukoni kioo cha Profesa, akaomba ruhusa, akapanda kiti. Alitazama kwa muda mrefu.

"Bi Wiebke," alisema bila kugeuka, "utando huu umejaa unga."

Wiebke aliiva uso. Mlangoni kukazuka kicheko ambacho Gesine hakuwahi kukisikia: Brammer, ameshika mwimo wa mlango asianguke.

"Unga ni wangu," alisema alipopata pumzi. "Dada hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, niliyenyamaza siku ya mkate ulioungua. Naona haya, Gesine." Alijifuta mikono, lakini haikusaidia. "Nyumba hii haitakosa unga maadamu nimo. Ukija kuishi humu nami, utauweza?"

Gesine alishuka, akapangusa kiti alipokanyaga. Akapitisha kidole juu ya kabati la Wiebke, akakitazama.

"Nitaanzia hapa," alisema.