Mpira Unavuja

Mtaani wanamwita Makumbusho. Jina hilo linawachekesha wote isipokuwa mimi, maana wao humtembelea Makumbusho wakaenda zao, mimi ndiye ninayelala naye. Na kulala naye maana yake ni kulala chini ya mlingoti wa goli. Kipande cha mlingoti huo, chuma kizito kilichong'olewa uwanja ulipobomolewa, kinaning'inia juu ya kitanda chetu kwa waya mbili, na upepo ukivuma hulia kii. Tangu kitundikwe mimi husali sala mbili: moja ya kuomba riziki, ya pili ya kuziombea waya.

Kazi yake mume wangu ni fundi pancha. Kibanda chake kiko pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi: beseni la maji ya kutafutia tundu, pampu, tupa ya kukwaruzia mpira, na mkebe wa solusheni, gundi ya viraka. Wenziwe hupaka solusheni wakangoja ikauke. Yeye hana subira hiyo. Huipiga kiberiti, moto unatambaa juu ya mpira, anaupuliza, anabandika kiraka, kazi imekwisha. Harufu ya solusheni ameivuta miaka mingi mpaka pua imekufa. Mboga ikiungua jikoni yeye huuliza kama imeiva.

Ugonjwa wake wa kukusanya vitu vya mpira ulianza na tiketi moja ya mechi, aliyoihifadhi ndani ya kitabu. Kipendacho roho hula nyama mbichi, sikatai, lakini roho ya huyu bwana ilikula hadi ganda la chungwa. Mshambuliaji mmoja alifyonza chungwa wakati wa mapumziko akatupa ganda, mume wangu akaruka uzio kulichukua. Limekauka, lipo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na mgeni huonyeshwa kabla hajakaribishwa kiti. Kuna jezi ya kipa isiyofuliwa tangu siku ilipovuliwa. Nikisogea nayo karibu na beseni huninyang'anya na kuniambia kwamba jasho hilo ndiyo saini yenyewe. Kwenye harusi ya mdogo wangu alitoweka, tukamkuta nyuma ya ukumbi akimbembeleza mwamuzi mstaafu amwachie filimbi.

Vitu vilijaa chumba cha wageni, vikahamia sebuleni, mwishowe vikaingia jikoni. Viti vitano vya jukwaani, vilivyoungwa kwa chuma kimoja, vilisimamishwa mbele ya dirisha la jikoni kwa sababu hapakuwa na ukuta mwingine. Dirisha likafungwa, halikufunguliwa tena. Mtungi wa gesi ukabaki kwenye kona, nyuma ya viti, na mpira wake ukapitishwa chini ya miguu ya viti mpaka kwenye jiko. Nilimwambia kuwa mahali pale pananitisha. Alinijibu kwamba gesi haina neno, ila nisiviegemee viti, rangi yake ni ya zamani.

Mama mkwe wangu anakaa chumba cha ndani, ambacho mlango wake unafungukia jikoni. Miguu yake haimbebi tena. Dirisha lake lilipozibwa na jezi zilizowekwa kwenye fremu, hakugomba. Alinitania tu kwamba siku akifa asizikwe, awekewe kioo mbele, huenda mwanawe akaja kumtazama kila jioni. Nilicheka. Yeye hakucheka sana, na mimi niliona.

Sebuleni, ndani ya sanduku la kioo, ulikaa mpira wa fainali. Huo ndio uliokuwa mfalme wa nyumba. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini mume wangu aliubonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi, akaridhika kuwa upepo haujapungua, ndipo akatuaga sisi wengine.

Siku yenyewe alikuwa ameshaondoka, nami nilikuwa nakunja nguo. Nilipoingia jikoni harufu ya gesi ilinipiga usoni. Kisha nikasikia sauti ndogo, sss, chini ya viti. Mguu wa kiti ulikuwa umeukata mpira wa gesi. Nilipenyeza mkono katikati ya viti nifunge mtungi, ncha za vidole zikagusa kifungio, hazikuweza kukizungusha. Nikavivuta viti, havikusogea hata kidogo. Dirisha halifunguki, mtungi haufikiki, na mwanamke asiyeweza kutembea yuko ndani.

Nilimlaza mama kwenye blanketi na kumburuta. Ni mzito kuliko mimi, na njia ya kutoka chumbani mwake ni jikoni hapohapo, hakuna nyingine. Nilibana pumzi, nikavuta, nikapumzika pale pale pasipofaa kupumzika, nikavuta tena. Alijua kinachotokea, maana pua yake ni nzima. Aliniangalia kutoka chini.

"Toa viti kwanza, mwanangu," aliniambia. "Mimi nikiungua hataniulizia."

Alisema kwa utani, lakini midomo ilikuwa ikimtetemeka. Nilimfikisha uani, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Simu yangu ilikuwa imebaki ndani. Nikamwita jirani yetu, mshonaji, kupitia juu ya ukuta, nikamwomba azime pasi yake ya mkaa na ampigie Makumbusho.

"Mwambie mpira unavuja," nilisema. "Aje mbio."

Mshonaji ni mtu mwaminifu. Alifikisha ujumbe kama ulivyo, neno kwa neno: mpira unavuja, njoo mbio. Na kwa mume wangu, mpira duniani ni mmoja.

Alikuja kweli. Nilisikia baiskeli ikiangushwa mbele ya nyumba na mlango wa sebuleni ukifunguliwa kwa kishindo. Nilikuwa nimepiga magoti nikimfunika mama miguu, nikashusha pumzi. Fundi amefika, nikajiambia, haya ndiyo mambo yake.

"Nimeuona," sauti yake ikatoka ndani, imejaa huzuni. "Kweli umepungua. Msiwe na wasiwasi, nauziba sasa hivi."

Nilimwambia ajihadhari. Akanijibu kwamba tundu ni dogo, hata halionekani. Hapo ndipo kitu kiliponigonga moyoni, maana mpira wa gesi haukuwa na tundu dogo, ulikuwa umekatika upande mzima. Halafu nikasikia kiberiti kikitikiswa. Ana tabia hiyo, hutikisa kwanza kujua kama njiti zimo.

"Usiwashe," nilisema, na sauti haikutoka. Nikasema tena. "Usiwashe moto."

"Nisipowasha kiraka hakishiki. Wewe si unajua?"

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka mkono wa mama ukiishika kanga yangu, ukanizuia, kisha ukaniachia. Nilipita jikoni nimefumba macho. Sebuleni alikuwa amepiga magoti, mpira wa fainali mapajani, solusheni imeshapakwa inang'aa, kiraka amekibana kwa midomo. Njiti ilikuwa tayari kwenye ubavu wa kiberiti. Niliogopa kumrukia isije ikajisugua. Nikasimama palepale, nikasema polepole kama mtu anayemsemesha mtoto aliye ukingoni mwa kisima.

"Gesi. Ni mpira wa gesi."

Aliniangalia mimi, akauangalia mpira, akaiangalia njiti. Kiraka kilimdondoka. Nilimnyang'anya kiberiti nikakifumbata, nikamkamata shati, tukatoka kwa kupitia jikoni, naye kaukumbatia ule mpira kwapani bila kujua. Jikoni sauti ya sss ilikuwa ingali ikilia, na safari hii aliisikia.

Uani alisimama. Mama yake alikuwa chini kwenye vumbi, blanketi limemviringika, kichwa wazi. Hakumtazama mwanawe usoni. Alitazama kwapani.

"Umeuwahi?" akamuuliza.

Mume wangu aliuachia mpira, ukaanguka, ukabingirika mpaka kwenye mtaro wa maji machafu. Kisha akageuka na kurudi ndani ya nyumba.

Nasema kweli, pale nilimchukia. Nilijua anafuata jezi ya kipa, au filimbi, au lile ganda la laana. Tukasikia chuma kikikwaruza sakafu ya jikoni, na kila kilipokwaruza niliungoja mlipuko. Mama alikuwa amefumba macho akisali. Kitu kikavunjika, kikavunjika kingine, plastiki kavu ya zamani. Kimya. Nilihesabu pumzi za mama kwa kuwa zangu zilikuwa zimepotea.

Akatoka kinyumenyume, ameukumbatia mtungi, mpira uliokatika ukiburuzika nyuma yake. Alikuwa ameshaufunga. Macho yalimtiririka machozi, na damu ilimtoka kiganjani alipokatwa na viti. Alitupita bila kusema, akaupeleka hadi uwanja wazi nyuma ya nyumba, akauweka chini taratibu. Ilibidi aende mshonaji kumfungua vidole, maana havikutaka kuuachia.

Aliporudi alianguka kwenye vumbi kati yetu. Macho yake yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakiona kitu. Alinishika mabega akanitikisa.

"Mama yuko wapi?" aliniuliza. "Umemtoa? Mama yuko wapi?"

Mama alikuwa ubavuni pake, amemshika shati kwa mikono yote miwili, analia kwa sauti.