Vitenge vya Mzee Sebastiani

Nikilisimulia hili bado uso unanichoma, lakini Kayanga nzima wameshalisikia kwa wengine, basi bora nanyi mlisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Mnajua nauza vitenge, na ubishi wangu mnaujua: kwa muda mrefu nilipokea malipo ya mtandao mmoja tu wa simu, mwenye mtandao mwingine namwambia alete taslimu au avumilie makato (yake hayo, mimi yananihusu nini), huku jirani yangu Adventina, muuza viatu tunayetenganishwa na ukuta mmoja, anapokea mitandao yote na wateja hawakatiki. Wakulima walipoanza kulipwa kahawa yao kwa simu, nikaona nitabaki nakunja vitambaa na kuvikunjua, nikamwita wakala anisajilie lipa namba ya mtandao wa pili.

Siku ya gulio wakala akaleta stika mbili zenye namba ya kulipia na jina la mwenye duka, moja yangu, nyingine ya Adventina ambaye yake ya zamani ilikuwa imechanika, akaziweka mezani kwangu akaenda kunywa chai. Kwa haraka zangu nikachukua ya juu, nikaibandika mlangoni bila kusoma jina, ile nyingine nikaisukumia chini ya vitambaa, nitampa baadaye.

Mteja wa kwanza kuitumia alikuwa Mzee Sebastiani, mkulima kutoka Kihanga, mtu mpole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akachagua taratibu vitenge vya mashangazi wote wa binti yake aliyekuwa anaolewa, akalipa kwa simu. Nikasubiri simu yangu ilie. Kimya.

"Mzee, hela haijaingia."

"Imekwenda, mwanangu. Hebu soma ujumbe huu."

Ningesoma, yangeishia hapo. Mimi nikasema meseji za kutengeneza nazijua, nikauvuta mfuko wa vitenge, naye kaushika, tukawa tunavutana mlangoni, watu wakasogea, bodaboda wakazima pikipiki wasikie vizuri, nami nilivyoona nina wasikilizaji nikapandisha sauti (aibu yangu), nikasema siku hizi hata wazee ni matapeli.

Akauachia mfuko. Hakunitukana. "Basi siondoki," akasema, "mpaka ijulikane hela yangu iko wapi." Akaketi kwenye benchi langu, mbele ya wote, mgongo umenyooka.

Ndipo Adventina akatoka dukani kwake na simu mkononi. Angenyamaza, nani angejua? "Mama Kemi," akaniambia, "kuna hela imeingia kwangu na sijauza kiatu cha bei hiyo. Mzee, ulipolipa lilitokea jina gani?"

"Adventina. Nilidhani ndiye huyu."

Nikageuka kuitazama ile stika mlangoni. Jina lake, herufi kubwa kabisa.

Adventina akanirushia hela palepale, bila neno la kunisuta. Nikapiga magoti kwa Mzee, nikamwomba radhi, nikamwongezea doti nzuri kuliko zote. Akairudisha.

"Nilivyolipia vinatosha," akasema. "Ukitaka kunipa kitu, waambie hawa kwamba mimi si tapeli. Lile la kwanza ulilisema kwa sauti."

Nikasimama juu ya benchi, mimi na mwili wangu huu, nikalisema, na wa nyuma walipodai hawakusikia nikalirudia.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja, akanitazama sana. "Wewe ndiye uliyemwita mume wangu tapeli?"

Nikajibu ndiyo, mama, ni mimi.

"Kaniambia vitenge vyako ni vizuri," akasema, akaketi, akaanza kuchagua.

Sasa napokea mitandao yote, na hela isipoonekana namwomba mteja, kwa sauti ya chini, anisomee jina lililotokea. Sitamwita mtu mwizi tena kabla sijasoma mlango wangu mwenyewe.