Saumu wa Ukingoni

Saumu alizaliwa Mikindani, kwenye nyumba ya mawe, na mpaka anaolewa alikuwa hajawahi kushika jembe. Mumewe, Waziri, ndiye aliyemleta kwenye Mto Ruvuma, karibu na unapoingia baharini, miaka michache baada ya uhuru. Waziri alipofariki, watu walidhani atarudi kwao. Akabaki, yeye na binti yake Zuhura, na shamba la mpunga lililogusa maji.

Shamba la namna hiyo lilikuwa na kazi yake. Aliyelima mbele kabisa aliitwa wa ukingoni, na jina hilo halikuwa na maana ya kukaa karibu na maji tu. Viboko walipotoka mtoni walipita kwake kwanza. Kwa hiyo yeye ndiye aliyelala kwenye dungu, ulingo wa kulindia mpunga, akapiga debe kuwarudisha, na wa nyuma yake wakalala majumbani kwa raha zao. Wakati wa mavuno, hao wa nyuma walianza kwa kumvunia yeye. Fikirini, jirani yake wa nyuma, hakuchoka kumtania: binti wa mjini kaja huku kugombana na viboko.

Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, mto ulijaa wakati mpunga umeanza kuinama. Maji yaliukata ukingo bonge baada ya bonge, mpaka yakasimama kwenye mpaka wa Fikirini. Palipokuwa na shamba la Saumu pakawa mto.

Hakulia mbele za watu. Chakula cha mwaka kilikuwa kimekwenda, na ardhi yenyewe imekwenda nacho. Sasa atakuwa nani hapa? Akaanza kukunja mikeka.

Alikuwa anaifunga kamba wakati Fikirini alipoingia uani na mkewe, Fatuma. Akamwuliza anakwenda wapi. Saumu akajibu kwamba anarudi kwao.

“Na viboko tumwachie nani?”

“Ni wako sasa, shemeji. Wewe ndiye wa ukingoni.”

“Mimi? Miaka yote hii nimekuwa nalala. Hata debe sijui linapigwaje.”

Fatuma akasema hilo ni kweli, mumewe hukoroma mpaka jua litoke. Kisha akaeleza kilichowaleta. Walikuwa wamelikata shamba lao katikati. Nusu ya mbele, inayotazama maji, ilikuwa ya Saumu, pamoja na mpunga uliosimama humo.

“Lakini hiyo ndiyo nusu yenye rutuba,” Saumu alisema.

“Ndiyo yenye viboko,” Fikirini alijibu. “Usinishukuru sana. Nimeogopa.”

Saumu alijua kwamba mwoga hatoi nusu ya shamba lake. Akaketi juu ya mikeka, akacheka huku machozi yanamtoka, na Fatuma akaketi kando yake.

Miaka ilipita. Zuhura alipochumbiwa, wajomba walikuja kutoka Mikindani na kuuliza ni nani atakayesimama upande wa baba. Saumu hakuhitaji kufikiri. Alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Fikirini kumwomba.