Vigae Elfu Kumi, na Saba

Fundi wa vigae waliyempa jina la Gawanya alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona namba, lazima aigawanye. Namba za milango, za simu, hazikumponyoka.

Mwezi ule mgongo ulimlaza, akamwachia shemeji yake, kaka wa mkewe, kazi ya ukumbi wa shule. Mwisho wa mwezi shemeji akaleta ripoti.

"Nimemaliza, shemeji. Vigae elfu kumi, na saba juu yake, vilivyoletwa vyote viko chini. Hakuna kilichokatwa, kilichovunjika wala kilichobaki."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja!"

Gawanya akachukua penseli. Ukumbi ule ulikuwa mstatili. Vigae vizima lazima viwe safu kadhaa zenye vigae sawasawa. Akajaribu kugawa kwa tatu, ikagoma. Saba, ikabaki nne. Kumi na moja, ikabaki nane. Akaendelea hadi karibu na mia, akaacha, maana ukivuka hapo majibu yanajirudia. Namba tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukumbi wa namna hiyo ungekuwa mstari mmoja wa vigae, mrefu kama barabara.

"Huyu ananifanya mtoto," akanong'ona. Usingizi wa mchana ukamruka.

Kesho yake alijikokota hadi ukumbini, mkono kiunoni, akahesabu. Safu tisini na saba, kila safu vigae mia moja na tatu. Elfu tisa mia tisa tisini na moja. Vigae kumi na sita vimeota mbawa!

Akamkabili shemeji mlangoni pa stoo.

"Umeviuza kwa nani?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Sijauza. Twende kwa mama yako."

Njia nzima Gawanya hakumwachia nafasi ya kutangulia, asije akapenya uchochoroni. Walipofika, mama alikuwa bafuni akisugua sakafu, na sakafu yenyewe ilikuwa vigae vinne kwa vinne, imenyooka kama rula.

"Mwanangu, asante," mama akasema. "Tangu nilipoteleza humu ulisema utakuja kuweka vigae. Kumbe ulimtuma shemeji yako."

 Gawanya alikuwa ameahidi kwa miaka mitatu.

Walipotoka nje akamgeukia shemeji. "Ni wizi hata hivyo. Na kwa nini ulinificha?"

"Ningekuambia ungesema kesho."

Jioni ile walibeba vigae kumi na sita vya aina ileile kutoka akiba ya Gawanya hadi kwa mwalimu mkuu, wakamweleza yote. Mwalimu akawatazama wote wawili kwa zamu, akavihesabu, kisha akavihesabu tena.

"Nanyi mtabaki hapa," akasema, "mpaka nikahesabu na sakafu."