Aliyepanda Ndiye Anayeanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikukata hata kijiti. Msimamizi wa miti wa jiji, mzee wa Kimaragoli mwenye kofia isiyotoka kichwani, alinipa shoka akaniambia niligeuze. "Gonga na mgongo wake. Halafu nyamaza." Basi nikashinda Barabara ya Jogoo nikigonga miti mchana kutwa, wapita njia wakinicheka, maua ya mijakaranda yakiniangukia mabegani. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi, nzito. Ulioliwa ndani huvuma kama mtungi mtupu. Hata sasa nikisinzia mchana huzisikia sauti hizo mbili, na sijui kama naota au niko kazini.

Alinifunza mengine pia. Mdomo, ule mkato wa kabari unaofunguliwa upande ambako mti utaangukia. Bawaba, kipande cha katikati kisichokatwa, kinachouzuia mti usijiamulie njia. Na kabla haujaanguka, lazima mtu aite, "Sogeeni!" hata kama hakuna anayeonekana. Lakini sheria yake kubwa haikuwa ya msumeno. Tukifika nyumbani kwa mtu aliuliza kwanza, "Nani alipanda?" Huyo aliyepanda ndiye aliyepewa msumeno wa mkono aanze, hata kama ni kukwaruza gome tu. Akiwa hayupo, wa nyumba yake alimwanzia. Sisi vijana tuliona ni upuzi wa wazee, haki ya Mungu.

Upuzi huo ulikuja kunitia adabu mtaani Buruburu. Nilikuwa nimeacha kazi ya jiji, najitafutia mwenyewe. Karani mmoja aliniita nimwondolee mparachichi uliokuwa ukiziba mifereji ya paa lake. Mawingu yalikuwa yamefunga, nikakimbiza kazi bila kuuliza kitu. Saa saba mama yake akarudi kutoka kanisani, kitabu cha nyimbo kwapani, akakuta magogo. Kumbe yeye ndiye aliyeupanda, mwaka aliofiwa na mumewe.

"Hata kuniita tu, baba?" akaniuliza.

"Mama, niliogopa mvua. Na pengine ungekataa."

"Nani amekwambia ningekataa? Ningeuaga."

Akakaa juu ya kisiki na nguo zake za kanisa. Mvua ikaanza, hakuinuka. Niliona haya siku ile, na bado naona. Tangu hapo sikuwahi tena kuwasha msumeno bila kuuliza.

Siku hizi niko hapa mtaa wa Jericho, magoti yamekataa ngazi. Mbele ya nyumba yetu pana mjakaranda alioupanda mke wangu, Kavata, tulipohamia. Alikuwa akikaa kwenye kigoda chini yake akichambua majani ya sukuma, maua yakimwangukia kwenye sufuria, naye akiyaacha yaelee kidogo kabla ya kuyatoa. Mungu amempumzisha. Mwaka jana mvua zilipoisha niliugonga mti ule. Ukavuma. Nikajiambia, ah, ni masikio ya uzee. Mwezi uliofuata ukavuma zaidi, nami nikaingia ndani kunywa chai. Mganga hajigangi. Na lile tawi kubwa lilikuwa limeinama juu ya chumba anacholala mjukuu wangu!

Juzi tawi dogo likaanguka lenyewe, hakuna upepo, likatoboa paa hatua mbili kutoka kitanda chake. Alikuwa shuleni. Siku hiyo hiyo nikampigia simu Mutheu, mama mmoja anayekata miti hapa mitaani.

Alifika na kamba zake na msumeno wa injini, lakini hakuuwasha. Aligeuza panga, akagonga. Akanitazama.

"Mzee, hii imeisha ndani. Haukusikia?"

"Nimesikia. Mwaka mzima nasikia."

Nilingoja anicheke, hakunicheka. "Nani alipanda?"

Wee! Nilishika ukuta. Nilidhani maneno yale tulimzika nayo msimamizi. "Kavata," nikasema. "Mke wangu."

"Basi ni wewe unaanza."

Ninyi mnaotafuta fundi siku hizi, msitazame ukubwa wa msumeno wake. Sikilizeni atauliza nini. Mimi nilikata gome mara tatu, unga wa mti ukiniangukia viatuni. Nililia, sioni kwa nini nifiche. Kisha Mutheu akashusha matawi kwa kamba, moja moja, akafungua mdomo upande wa uwanja. Bawaba ilipoanza kulia, akazima injini.

"Mzee, ita."

Majirani wote walikuwa mbali. Chini ya mti hapakuwa na mtu. Nikatazama pale alipokuwa akiweka kigoda chake.

"Sogea kidogo, Kavata," nikasema.

Nikangoja apate nafasi ya kuinuka na sufuria yake. Ndipo nikampungia Mutheu mkono.