Mjomba Hayumo Kwenye Mchezo

Harufu ya maka peni hunirudisha kwenye bwalo la shule yetu ya sekondari, pale Mafiga, masika ile ambayo milima ya Uluguru ilijifunika mawingu na sisi wa kidato cha nne tukanuka sare zisizokauka. Wageni wa chuo kikuu walikuja kutuonjesha sayansi ya jamii. Walivaa fulana zilizoandikwa "Jamii ni Wewe" na walikuwa na uchangamfu wa watu wanaosubiri posho. Mhadhiri wao, aliyevua miwani kila alipotaka kuonekana anafikiri, alitangaza kwamba hatutafundishwa, tutacheza. Tukapiga makofi ya kilo. Kisha tukajipigia makofi kwa sababu tulipiga makofi. Sijawahi kuona watu wazima wakihangaika kiasi kile ili wasifundishe kitu, na lazima nikiri walifaulu.

Mchezo mkuu ulikuwa wa kamba. Kila kundi lijipange kama familia, mkuu wa familia asimame katikati ashike kamba zote, wengine wamzunguke kila mmoja na ncha yake. Kundi bora lingealikwa chuoni. Wenzangu waliwaza pilau. Koleta, binti wa mama mkubwa, aliyekuwa akikaa kwetu, aliwaza jambo jingine. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mjomba wetu wa huko juu milimani alikuwa amekwisha kusema: wasomi wakimchagua Koleta, ataendelea na masomo; wasipomchagua, arudi kulima kabichi.

Koleta akanivika koti la mwalimu wa zamu, akanisimamisha katikati.

"Wewe ndiye mjomba. Nuna."

Nikanuna. Aliyekuwa baba alisimama pembeni, ameshika ncha yake kwa adabu. Mhadhiri akaja, akavua miwani.

"Na huyu nani?"

"Mjomba," Koleta akajibu.

"Amekuja kutembea?"

"Hapana, mwalimu. Ndiye mwenye sauti."

Bwalo likaangua kicheko. "Oya, mjomba, rudi kwako, ugali umekwisha!" akapiga kelele mmoja wa kundi la jirani. Mhadhiri akanishika bega kwa upole, akanitoa nje ya kamba, akamweka baba katikati. "Tusichanganye familia na wageni," akasema. Ushindi ukaenda kwa kundi lililomweka mama pembeni na sufuria.

Mjomba alipopata habari, hakuuliza lolote kuhusu sayansi.

"Walinitoa?"

"Walikutoa, mjomba," nikasema.

"Nje ya kamba?"

"Nje kabisa."

Akasema mtoto wa dada yake hawezi kupelekwa kwa watu wasiomjua mwenye mtoto. Koleta akapanda mlima kwenda kulima kabichi, kwa amri ya mtu ambaye, kisayansi, hakuwepo. Mimi, kwa kuwa ni wa kiume, niliachwa niende. Mwaka wa kwanza chuoni, mhadhiri yuleyule akatufundisha kwamba Waluguru hufuata ukoo wa mama. Nikaandika haraka haraka, kama habari za nchi ya mbali.

Mwezi uliopita wageni wa aina hiyo walifika shuleni kwa Anjela, binti wa Koleta, anayekaa kwangu. Siku hizi hakuna kamba. Kuna simu na maswali ya kubonyeza majibu. Makofi ya kilo ni yaleyale. Anjela alishinda, akarudi na fulana na mwaliko wa chuoni. Nikamwuliza alibonyeza nini kwenye swali la mkuu wa familia.

"Baba."

"Baba? Kwa nini?"

"Wewe humo kwenye majibu, mjomba."

Jioni ile Koleta akapiga simu kutoka milimani. "Kaka, umeamuaje kuhusu mtoto? Huku wote tunakusubiri wewe."

Nikavua miwani, nikanuna kidogo kama alivyonifundisha mwenyewe, nikasema, "Aende."