Arbia Ajifunza Gemu

Kwa miaka kumi na sita Arbia aliwapikia watoto wa watu. Alikuwa mpishi katika shule moja ya bweni mjini Garissa, na kila alfajiri alikoroga uji kwenye sufuria ambazo yeye mwenyewe angeweza kuketi ndani. Mikono yake ilikuwa na makovu ya mvuke hadi viwikoni. Alizaliwa Masalani, akaolewa Garissa, akaachwa Garissa, na hapo akabaki, katika chumba kimoja cha kupanga nyuma ya soko la mifugo.

Mtoto wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, binti yake Iftin, na huyo hakumpikia tena. Baba yake, Gelle, alimchukua alipotimiza miaka kumi akaenda naye Ufini, alikokuwa ameoa mke mwingine. Miezi ya kwanza Iftin alipiga simu kila Ijumaa. Alilia, na akinyamaza yeye, mama yake ndiye aliyeanza, mpaka bando likaisha. Gelle akaona mtoto hali, hasomi, na kila baya linaanzia kwenye simu ya Ijumaa. Akabadilisha namba. Arbia alipopiga ile ya zamani alijibiwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa, kwa lugha asiyoijua hata neno. Aliisikiliza mpaka mwisho, akapiga tena, akaisikiliza tena.

Miaka miwili ikapita hivyo.

Kisha mwezi wa sita akaja Idman, binti wa dada yake, aliyekuwa akisomea uuguzi hukohuko Ufini lakini katika mji wa mbali na kwa Gelle. Alikuja likizo. Alimkuta Arbia anachambua maharagwe, akaketi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Habaryar, mama yangu mdogo, nilikutana na Iftin kwenye sala ya Idi," alisema. "Amenipita urefu. Alinitilia hii mkononi haraka haraka, akaniambia, mpe hooyo, mama yangu, mwambie anitafute kwenye gemu."

Kwenye karatasi kulikuwa na tarakimu kumi na mbili na maneno matatu ya Kisomali yaliyoandikwa vibaya: Jumamosi, saa tisa.

"Ni namba ya simu?" Arbia aliuliza.

"Si ya simu. Baba yake amemnunulia mashine ya gemu, anacheza mbio za magari. Mashine yenyewe haipitishi sauti. Wanaocheza wakitaka kuzungumza wanatumia simu, kuna apu yake ya kuongelea. Kwa hiyo amempa simu kuukuu isiyo na laini, akafunga kila kitu isipokuwa hiyo apu. Anaona ni mambo ya gemu tu."

"Basi wewe ukirudi si unipe nizungumze naye kwa simu yako?"

Idman aliinamisha kichwa. "Gelle ndiye aliyenipokea nilipofika kule, habaryar. Nililala kwake miezi mitatu. Siwezi kuingia kati yake na mtoto wake."

Arbia hakumlaumu. Aliikunja karatasi akaitia ndani ya jalada la simu yake.

Mashine ya namna ile Garissa ilikuwa moja aliyoambiwa habari zake. Ilikuwa kwa Dagane, mwanamume wa makamo aliyekuwa na ukumbi wa gemu karibu na stendi. Vijana walikuwa wakicheza mpira kwenye televisheni sita. Arbia alipoingia na jilbabu lake la kahawia, wote walinyamaza wakidhani kuna mama amekuja kumtoa mwanawe kwa sikio.

"Abaayo, dada yangu, unamtafuta nani?" Dagane aliuliza.

"Namtafuta binti yangu. Yuko humu," akasema, akamwonyesha tarakimu.

Ilichukua muda Dagane kumwelewa. Alipoelewa alifungua pazia la chumba cha nyuma alimoweka mashine ndogo aliyoletewa na dada yake kutoka Ulaya, ambayo hakuna kijana wa Garissa aliyeitaka. Aliweka ile apu kwenye simu ya Arbia, akafuta jina lake mwenyewe kwenye akaunti ya mashine akaandika HOOYO, akaingiza zile tarakimu. Ombi la urafiki likaenda. Halikujibiwa siku ile, Jumamosi ya kwanza. Arbia alikaa mbele ya skrini kuanzia saa tisa hadi adhana ya Magharibi, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari.

Wiki nzima Dagane alimfundisha saa za jioni baada ya kazi. Gemu lilikuwa la mbio za magari, magari madogo ya rangi yanayokimbia juu ya milima na madaraja. Alimweleza jambo moja mara nyingi: sauti inakuwepo chumba cha mbio kikiwa wazi tu, na ukisimama bila kuendesha, mashine inakuona hupo, inakutoa. Ukitoka kwenye chumba, sauti inakufa. Kwa hiyo ilimbidi ajue kuendesha. Vidole gumba vyake, vilivyozoea mwiko wa urefu wa mtu, vilikuwa vizito juu ya vile vitufe. Aligonga kila ukuta uliokuwepo. Usiku aliota barabara.

Jumamosi ya pili jina likawaka kijani. Iftin alikuwa amekubali. Mwaliko ukaja, Dagane akabonyeza, wakaingia. Gari la bluu lilisimama kando ya gari jekundu la Arbia, na juu yake jina la mtoto wake. Kwenye simu apu ilizungusha kiduara chake, ikazungusha, ikazungusha. Mtandao wa mji ulikuwa umelegea tangu asubuhi. Mbio zilianza na sauti haikuja.

Gari la bluu halikuondoka. Mengine yote yalipaa, lenyewe likajongea mbele kidogo, likamgoja. Arbia alipopotoka likarudi nyuma na kumgusa ubavuni, taratibu, likamwelekeza barabarani. Walienda hivyo raundi tatu nzima, wa mwisho na wa pili kutoka mwisho, bila neno. Dagane alitoka nje ya pazia akajifanya ana shughuli.

Jumamosi ya tatu sauti ilikuja ghafla, kabla hata hajaweka simu vizuri.

"Hooyo?"

Arbia aliisahau barabara. Gari likaingia ukutani.

"Hooyo, endesha. Ukisimama inakutoa."

"Naendesha, mama. Naendesha."

Sauti ilikuwa nene kuliko aliyoiacha, na Kisomali chake kilikuja polepole, kila neno likitafutwa. Arbia alikuwa amepanga mambo mia ya kusema, lakini lililotoka ni lilelile la mapishi.

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Viazi. Samaki. Viazi."

"Mke wa baba yako anakutendea vizuri?"

"Ni mzuri. Hanigombezi." Arbia alisikia vitufe vikibonyezwa upande wa pili. "Hooyo, aabo anasema ulitia sahihi. Anasema hukulazimishwa. Anasema uliandika kwa mkono wako nichukuliwe. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli. Arbia alikumbuka ofisi ya wakili, kalamu iliyofungwa kwa uzi, na Gelle akimwambia ni miaka miwili tu, asome, kisha atarudi. Ule mwaka ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa kwao Masalani, na alikuwa akimletea Iftin makombo ya jikoni ya shule. Alitia sahihi bila kushikwa mkono na mtu. Sasa alitafuta namna ya kulisema jambo hilo lisiumize. Alitafuta hata uongo mdogo. Kona ikaja, akaikata, daraja likaja, akalivuka, na bado hakuwa amefungua mdomo.

"Aabo anakuja," Iftin alinong'ona, na jina lake likazimika.

Jumamosi iliyofuata halikuwaka, wala iliyofuata hiyo. Chini ya jina palikuwa na maandishi madogo ya kijivu, na Arbia akayazoea kama tarehe kwenye kaburi: mara ya mwisho siku saba zilizopita, mara ya mwisho siku kumi na nne. Alienda kwa ami wa Gelle kumwomba amsemee. Yule mzee alimpa chai na kumwambia mtoto ni wa baba yake, avute subira. Kazini aliunguza wali, sufuria nzima, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, na mwalimu wa zamu alipomuuliza kama anaumwa alijibu ndiyo, kwa sababu jibu lingine lilikuwa refu. Jioni alirudi nyuma ya pazia la Dagane kushindana na madereva wa mashine ili vidole visisahau. Kilichomla hakikuwa umbali. Alikuwa ameulizwa swali na akanyamaza, na huko mtoto alikuwa anaishi na ule unyamavu, akiutafsiri apendavyo.

Siku ya ishirini na nane jina likawaka. Arbia aliingia chumbani, akafungua apu.

"Arbia," sauti ya mwanamume ikasema.

Alimtambua Gelle kabla hajamaliza jina.

"Umemfundisha mtoto kunificha mambo," alisema.

"Ulifunga milango yote. Ulitaka apitie wapi?"

Gelle alikohoa. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uchovu, na hilo lilimtisha Arbia zaidi. "Akizungumza na wewe hali siku tatu. Mimi ndiye ninayeketi naye mezani, wewe huoni. Nimeiwasha hii nikuambie mwenyewe, usikae ukingoja. Naiuza mashine. Muache mtoto akae alipo."

Huenda Gelle alisema kweli, Arbia aliwaza. Lakini nyuma ya sauti ya Gelle alisikia kiti kikiburutwa na mtu akivuta kamasi, na akaelewa kwamba simu ilikuwa mezani, sauti wazi, na kwamba Gelle hakuwa peke yake mle ndani. Mashine ikalia kuashiria mbio zinaanza. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Dagane akaingia, akakichukua kidhibiti mikononi mwake.

"Sema, abaayo. Mimi nitaendesha."

Arbia aliishika simu kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Iftin, mwanangu, najua unanisikia. Uliniuliza nikanyamaza. Ni kweli. Nilitia sahihi. Hakuna aliyenishika mkono. Baba yako alisema miaka miwili nami nikamwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Ulikuwa unalala na njaa na ulikuwa unanificha. Ulikuwa unasema umeshiba ili nami nile. Niliona. Nilidhani nakusindikiza tu, sikujua nakuaga. Tangu siku ile sijapika chakula nikakionja bila kukuwaza. Kama unanichukia nichukie, lakini usiseme nilikuchoka. Sikukuchoka hata siku moja."

Aliendelea mpaka maneno yalipomwishia. Alipofumbua macho, Dagane alikuwa ameweka kidhibiti chini na anatazama sakafu. Kwenye simu palikuwa na ujumbe kwamba mazungumzo yamefungwa.

"Ilikatika lini?" Arbia aliuliza.

"Mwanzoni."

"Mwanzoni wapi?"

"Uliposema ulitia sahihi. Hapo hapo walitoka. Nilitaka kukusimamisha, nikashindwa."

Kesho yake jina la Iftin halikuwepo tena kwenye orodha.

Arbia alimpigia Idman, aliyekuwa amesharudi Ufini. Hakumbembeleza. "Mtoto wangu amesikia nusu," alimwambia. "Nusu aliyosikia ndiyo inayoua. Sikuombi umtoe kwa baba yake. Nakuomba umpelekee nusu iliyobaki."

Idman akasema kwamba Iftin huenda madrasa ya msikiti wao kila Jumapili, na kwamba ni safari ya saa nne kwa treni.

Arbia alirekodi ujumbe ndani ya stoo ya shule, kati ya magunia ya maharagwe, kwa sababu hapo hapakuwa na kelele. Alirekodi mara kumi na moja. Katika zile za mwanzo alilia mno, katika za katikati alijitetea mno. Ule wa kumi na moja aliutuma kwa Idman bila kuusikiliza, kwa kuhofia angeufuta.

Jumapili Idman alipiga alasiri. Arbia alitoka jikoni akasimama kwenye jua.

"Nimemwona," Idman alisema. "Nilimkuta pale wanapotundika makoti. Amesikiliza ujumbe wote, amesimama. Kisha akaniomba spika za masikio, akageukia ukuta, akasikiliza tena."

"Alilia?"

"Sikuona uso wake, habaryar."

"Alisema nini?"

"Alinirudishia simu. Akasema nisiufute."

Arbia alingoja. Upande wa pili treni ilikuwa inatangazwa. "Hakuna kingine?"

"Hakuna kingine. Mwalimu aliita, akaingia darasani."